Shemeji, Daftari na Wakili wa Bure

HALIMA: Karibuni tena kutoka Busia, Busia ya Uganda, msije mkapitiliza mpaka ng'ambo. Kaka Odongo, kuna mama katutumia ujumbe wa sauti, na tangu nimeusikia sina raha.

ODONGO: Tupe, dada.

HALIMA: Mumewe amefariki. Arobaini haijaisha, mashemeji wakaitisha kikao cha ukoo. Daftari likazungushwa: "Tieni sahihi, ni mahudhurio tu." Naye akatia. Sasa anasikia juu ya ukurasa ule ule kumeandikwa kwamba wote wamekubali shemeji mkubwa asimamie mali ya marehemu.

ODONGO: Huo ujanja ni wa siku nyingi. Lakini asikate tamaa. Daftari la ukoo halimpi mtu mali. Shemeji bado lazima aende kwa Administrata Jenerali, ofisa wa serikali anayeshughulikia mali za marehemu, apate cheti cha kutokuwa na pingamizi, halafu aombe mahakamani hati ya kusimamia mirathi. Hapo katikati mama anaweza kumzuia. Aandike barua ya kupinga, aipeleke mapema kwa Administrata huyo, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Asiondoke dirishani bila huo muhuri.

HALIMA: Na huyo shemeji anasema mwanamke hawezi kusimamia.

ODONGO: Anasema yeye. Sheria ya mirathi ilirekebishwa 2022. Marehemu asipoacha wosia, mume au mke aliyebaki ndiye anayetangulizwa katika usimamizi. Mgao wake ni asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4, na mrithi wa kimila, yule anayetambuliwa na ukoo, 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi haimo kwenye hesabu hiyo, wanabaki nayo mjane na watoto. Kuwafukuza humo ni kosa la jinai.

HALIMA: Asilimia moja! Ndiyo maana anang'ang'ania daftari. Ila niulize: kama hawakufunga ndoa?

ODONGO: Hapo pagumu. Kukaa pamoja, hata miaka kumi, si ndoa kisheria. Ya kanisani, ya msikitini, ya bomani, ya kimila ambayo mahari ilitolewa, hizo sawa. Lakini hata yeye akikosa, watoto hawakosi. Wa ndani au wa nje ya ndoa, wote wamo katika ile 75.

HALIMA: Haya, barua ataandikiwa na nani? Wakili wa mjini akikutajia bei, hata nauli ya boda unaihurumia.

ODONGO: Kwa kesi za madai serikali hailazimiki kukupa wakili. Katiba ya 1995, ibara ya 28, inataka serikali imlipie wakili mshtakiwa anayekabiliwa na adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Ukiua unapewa wakili, ukinyang'anywa shamba jitafutie.

HALIMA: Ukishtakiwa kuua, kaka.

ODONGO: Sawa, ukishtakiwa. Kwa hiyo tunaangukia kwa FIDA, mawakili wanawake walioanza 1974, mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili, kliniki ya msaada wa kisheria ya LDC, chuo cha mafunzo ya sheria, na Justice Centres zilizo chini ya Mahakama. Isitoshe, kanuni za 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kwa wasiojiweza, au alipe pesa badala yake. Watakuuliza kipato chako kwanza, usikasirike. Na mara nyingi watawaita wote wawili mezani kabla ya kesi. Mimi napenda hivyo, kesi ya ardhi inaweza kuzeesha watu.

HALIMA: Mimi sipendi kila mara. Mama anayemwogopa shemeji atakubali lolote mezani. Amwambie wakili mapema, faraghani, kwamba anaogopa.

ODONGO: Hilo nakubali.

HALIMA: Na kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji?

ODONGO: Aende achukue barua ya kumtambulisha. Mahakama ya LC inasikiliza madeni madogo na ugomvi wa kijijini, na mawakili hawaruhusiwi humo. Lakini kugawa mirathi si kazi yake, hata akikwambia amegawa. Na wale vijana wa kivuli cha mwembe nje ya korti, wenye mafaili kwapani, wanaojifanya mawakili, awapite tu.

HALIMA: Nilikuwa nangoja uwataje! Matunzo ya watoto je? Wengi wanauliza.

ODONGO: Baba yu hai na hatoi? Ofisi ya probesheni ya wilaya kwanza, halafu mahakama ya familia na watoto. Tutarudi huko kipindi kijacho.

HALIMA: Kwa mama yetu basi: cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, cheti cha ndoa au makubaliano ya mahari, vyeti vya watoto, karatasi za ardhi.

ODONGO: Atoe nakala. Hati zenyewe zisitoke kwenye kaveera lake, mfuko wake wa plastiki, hata shemeji akisema anaenda kuzifotokopi.