Lita 12 kwa Dakika 45

Mzee Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, wanakikundi wote, habari za mchana. Wazee wangu pale mbele, shikamooni. Chupa hizo 2 zilizofungwa gazeti hapo mezani si za soda, naomba mtu asizifungue. Tutazifikia.

Nimepewa dakika 40 nizungumzie gharama za kuendesha boti mnayotaka kununua. Walionisikia mwaka jana wanajua nitasema nini, hao wana ruhusa ya kusinzia. Mimi ni fundi wa mashine za boti, mzaliwa wa Pangani, ndoa ndiyo iliyonipandisha Moshi. Na tangu nimefika hapa naulizwa swali lilelile: "Fundi, boti hiyo inakwenda kilomita ngapi kwa lita?" Hilo ni swali la mwenye Noah. Boti inakula kwa saa, na kiasi inachokula kiko kwenye mkono wa aliyeishika. Mkimpa boti moja vijana wawili, mmoja atawarudishia nusu ya mafuta na mwingine atawapigia simu muende kumchukua.

Nawapa mfano. Nilikuwa naendesha boti ya tajiri mmoja wa hapa mjini, pale bwawani Nyumba ya Mungu. Ya faiba, urefu mita 7, kibanda mbele, mashine ya nguvu za farasi 40 inayotumia petroli ya kuchanganya oili, hizi tulizozizoea. Jumapili moja tukapakia watu 12, kreti za soda, na mbuzi mmoja ambaye hakujua kwamba yeye ndiye chakula. Safari kilomita 20, niliipima kwa simu. Tajiri akasema, "Fundi, vuta, wageni wana haraka." Nikavuta mpaka mwisho. Omo, yaani pua ya boti, likainuka juu, tezi, yaani nyuma yake, likazama, mashine inalia kama ya kusaga mahindi, na nyuma yetu maji yanachimbika shimo. Wageni wanapiga picha. Mimi naangalia dumu. Ni lile dumu jeupe la lita 20, unayaona mafuta yanashuka kwa macho, kama maziwa kwenye glasi ya mtoto mwenye njaa. Mwendo? Kilomita 16 kwa saa. Haukuzidi hapo hata nilipowaomba wageni wenye afya wasogee mbele.

Dumu likakauka tukiwa tunauona mwalo, tunamwona mpaka mama anayekaanga samaki. Mashine ikakohoa mara mbili, kimya. Tukavutwa na kijana mwenye mtumbwi na kasia moja. Alitutoza 10,000 na hakuwa na haraka yoyote.

Kurudi nikamwambia tajiri, leo niachie mimi bila maneno. Tukanunua dumu jingine. Nikavuta mafuta kidogo tu, nikasubiri omo lilale sawa na lile wimbi la nyuma lilegee, nikaacha mkono hapohapo. Kilomita 10 kwa saa. Watu wakaanza kusikiana. Tulitumia saa 2 kamili, na nilipopima dumu zilikuwa zimetoka lita 8.

Sasa tufanye hesabu. Kwenda, saa 1 na dakika 15, lita 20. Kurudi, saa 2, lita 8. Yaani tuliokoa dakika 45 kwa lita 12. Tuseme lita ni 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, maana EWURA, wanaotangaza bei ya mafuta, wana lao kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hiyo ni 36,000, kwa dakika ambazo tulizirudisha zote tukivutwa na mtumbwi.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa. Unataka kusema kurudi boti ilikuwa nyepesi kwa sababu mbuzi alishaliwa. Mzee wangu, mbuzi alirudi naye, ila ndani ya abiria.

Sababu ni hii. Boti isiyopaa, yaani isiyoinuka na kuteleza juu ya maji, ina mwendo wake wa mwisho, na mwendo huo unatokana na urefu wake. Chukua urefu wa sehemu inayolala majini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43, utapata noti. Si zile za Mama Mweka Hazina, noti za baharini, moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Boti yetu ililala majini mita 6.5, kwa hiyo mwisho wake ni noti 6.2, kama kilomita 11 na nusu. Ukitaka kuuvuka mwendo huo, boti inaanza kupanda wimbi ililolichimba yenyewe. Ni bodaboda ya kupanda Kibosho. Lakini Kibosho utafika. Mlima huu unasogea pamoja nawe. Na hata kabla ya kufika hapo, kazi ya mashine inapanda kwa mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukipunguza mwendo moja ya tano tu, mashine inabaki na nusu ya kazi. Nusu! Nani dukani anakupa punguzo la namna hiyo?

"Lakini fundi, mbona zile za watalii zinapaa?" Zinapaa kwa sababu ni nyepesi na mashine yake inazitosha. Ikishapaa, inalivuka lile wimbi, na kila kilomita inakula kidogo kuliko ilipokuwa inahangaika. Sibishi. Lakini ninyi mmeniambia mnataka kibanda, jiko, choo, na abiria 14. Hiyo haipai. Hiyo itakaa katikati, omo juu tezi chini, na katikati ndipo petroli inapoishia. Ama ipae, ama itulie.

Ndiyo maana nikiona kwenye karatasi yenu "mashine ya farasi 75" napata kizunguzungu. Mashine ya petroli ya kuchanganya oili, ukiivuta mpaka mwisho, weka karibu lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10. Ya 40 ni lita 16. Ya 75 ni kama 30, yaani 90,000 kwa saa, na boti nzito ya mita 7 bado inapanda mlima wake. Mtu atasema huku juu mashine inapungua nguvu. Ni kweli, hewa ni nyepesi. Kila mita 300 unazopanda kutoka baharini inapoteza kama asilimia 3. Bwawani pako karibu mita 700, kwa hiyo 40 yenu itafanya kazi kama 37. Duluti kule Tengeru ni karibu mita 1,300, lakini kule ni kasia tu, na kasia halipungui. Dawa ya farasi 3 zilizopotea si kuongeza farasi 35. Tazameni rafadha, hiyo mnayoiita pangaboi. Imegongwa namba mbili: ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua yake kwa inchi, umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa ubao. Iliyotoka pwani ikiwa nzito kwa mashine, tafuta yenye hatua fupi kwa inchi moja. Imekwisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka.

Oili. Ni 1 kwa 50. Dumu la lita 20 linataka mililita 400, yaani chupa ya soda ya 350 na vijiko vitatu vya chakula. Msimzidishie eti mashine inenepe, mtakuwa mnasafisha plagi kila wiki. Na jueni kwamba karibu robo ya petroli kwenye mashine za namna hii inatoka nje bila kuungua, ndiyo yale mafuta ya rangi rangi mnayoyaona juu ya maji. Mashine ambayo petroli yake haichanganywi oili inakula kidogo zaidi, hasa kwa mwendo wa taratibu, ila ni nzito, bei yake iko juu, na spea zake ulizieni kwanza kabla ya kuipenda.

Mashine ya dizeli inayofungwa ndani ya boti: lita moja inakupa karibu farasi 5 kwa saa moja, petroli ya kuchanganya oili hata 3 haifiki. Nzuri sana kwa anayetembea kila siku. Ninyi mtatembea Jumapili. Hapana.

Chini ya boti pasuguliwe, utelezi wa kijani unakula mafuta kimyakimya. Kwetu Pangani wazee walipaka deheni, chokaa na mafuta, na hawakusoma kokote. Mafuta ya safari: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi msiiguse. Usajili na ukaguzi wa TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, nitawaeleza wakati wa chai.

Chupa sasa. Fungueni gazeti. Nyavu na mishipi bwawani hujizungusha kwenye rafadha, zinakata sili, ule mpira wa kuzuia maji, maji yanaingia kwenye gia. Oili ya gia ikiwa salama, mwanga unapita, kama asali. Ndiyo chupa ya kwanza, nimeitoa kwenye mashine ya jirani yangu. Chupa ya pili ipitisheni nyuma waione. Imekuwa kama chai ya maziwa. Hiyo niliitoa juzi kwenye ile farasi 75 iliyokwishatumika ambayo Mwenyekiti alinituma nikaikague, ile mliyokwishaitolea kishika uchumba.