Hesabuni Siku, Msihesabu Lita za Mwaka Jana

Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu. Neno hili la kutomng'ang'ania ng'ombe asiyeshika mimba nimelisema Machame, nimelisema Kibosho, na leo nalirudia hapa Uru, mlima wetu huu huu wa Kilimanjaro, maana juzi tu nimeingia banda moja nikamkuta ng'ombe aliyezaa mwaka juzi na mpaka leo hana mimba. Mama mwenye banda ananiambia, "Mwanangu, huyu ni ng'ombe mzuri sana, alikuwa anatoa lita 18."

Alikuwa! Nikamuuliza, leo asubuhi umekamua ngapi? Akanionyesha kisufuria. Lita 2 hazikufika.

Sasa tuyatazame majani. Ng'ombe wa kilo 400 anataka chakula kikavu kama kilo 12 kwa siku. Majani ya tembo mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ili azipate hizo 12 lazima ale kilo 60 hadi 70. Hiyo ni mizigo mitatu ya kichwani, na yule mama anaikata kule tambarare na kupanda nayo. Niliupokea mmoja njiani, nikaubeba hatua kama 50 tu, shingo inaniuma mpaka leo. Joto, yaani siku yake ya kutaka dume, likipita bila mimba, mnangoja siku 21 nyingine, na katika siku hizo mama yule amebeba zaidi ya tani 1. Kwa ajili ya kisufuria! Na msiniambie migomba ipo ya kumlisha. Mgomba ni maji.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kona ya banda. Kuna mtamba amefungwa, jike ambaye hajazaa bado, binti wa huyo huyo ng'ombe, mbavu unazihesabu. Anakula masalia ya mama yake. Mama ananiuliza mbona haingii joto. Ataingiaje? Mtamba haangalii umri, anaangalia mwili. Kwa kumng'ang'ania mtupu asiye na mimba, tunamuua anayekuja.

Mimba ni siku kama 283. Toa kwenye 365, zinabaki 82. Anayetaka ndama kila mwaka ndizo siku alizo nazo, tangu ng'ombe azae mpaka ashike mimba tena. Huku kwetu nakubali miezi 4, hata 5. Mwaka mzima sikubali.

Najua mtasema kosa ni la mhamilishaji, yule anayekuja kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija. Inawezekana, na kama ng'ombe wote wa jirani nao wanarudia, tazameni hapo kwanza. Lakini mlimwita saa ngapi? Joto la asubuhi apandishwe jioni, la jioni apandishwe kesho asubuhi. Ng'ombe aliye peke yake bandani hana mwenzake wa kupandana naye mkaona kuwa yuko kwenye joto, kwa hiyo msikilize anavyolia, mtazame ute unaoning'inia, mwangavu kama wa yai bichi. Ukiita kwa wakati mara 3 na asishike, daktari amkague. Kama hakuna cha kutibu, muuze angali na nyama. Mchinjaji hanunui historia.

Mzee pale anatikisa kichwa: ng'ombe wake amemsomeshea watoto. Ni kweli, baba, na heshima yake naijua. Lakini yule mtamba naye ana watoto wa kusomesha.

Muda umekwisha, haya mengine nayataja tu. Chuchu moja ikifa si hoja. Kiwele kinachovimba kwa ugonjwa kila akizaa, hiyo ni hoja. Aliyechomwa dawa, ngojeni siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla hajachinjwa, nyama ile italiwa na watoto wa mtu. Anayetupa mimba, apimwe brusela, ugonjwa unaotupisha mimba na kuambukiza hata watu, na kwa hali yoyote msimpeleke mnadani akafugwe kwa mwingine. Maziwa chemsheni. Umri siuzungumzii: wa miaka 10 mwenye mimba namwacha, wa miaka 5 aliye mtupu namtoa.

Nitakaa pale chini ya mparachichi. Mwenye daftari aje nalo. Asiye nalo aniambie ng'ombe wake alizaa lini mara ya mwisho, tuanzie hapo.