Kijana wa Duka Hajaiba

Ndugu zangu wenye maduka, ahsanteni kwa kuja. Hali mnaijua. Ninyi mnaofungua alfajiri na kufunga saa nne usiku sina haja ya kuwasimulia biashara ilivyo ngumu. Nina jambo moja ambalo nimelisema kila nilipoitwa, na leo nalisema tena: bei ya kuuzia haipangwi kwa bei uliyonunulia mzigo uliopo rafuni. Inapangwa kwa bei utakayonunulia mzigo unaofuata.

Mnaitikia kwa vichwa. Kila mara mnaitikia, halafu nikipita madukani nakuta bei ni ileile ya mwezi jana.

Mwanzoni mwa 2024 niliitwa Mbagala kwenye ugomvi wa duka. Mnakumbuka sukari ilivyoadimika wakati ule. Mvua za El Niño zilijaza maji mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuvuna, na Januari Bodi ya Sukari ikatoa bei elekezi: rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kutegemea kanda. Huko Mbagala mwenye duka alikuwa anamfukuza mpwa wake, kijana aliyemtoa kijijini aje kumuuzia. Nilimkuta kijana nyuma ya nondo, begi limeshafungwa, funguo ameziweka juu ya mizani. Mjomba anasema, "Mtaji umekatika, na anayeshika droo ni huyu."

Nikaomba daftari. Kijana alikuwa anaandika vizuri, mwandiko safi, mpaka viberiti.

Tukaanza na sukari. Mfuko wa kilo 50 walinunua 135,000. Waliuza kilo 2,900, jumla 145,000. Faida 10,000, ikaenda kwenye mboga ya nyumbani, na hakuna ubaya. Ikabaki 135,000 ya kurudi duka la jumla. Huko mfuko ukawa umefika 180,000. Hesabuni wenyewe: upungufu 45,000. Hata angeuziwa kwa kilo, ile 135,000 ingempa kilo 37 na nusu. Kilo 12 na nusu zimepotea, na hakuna mtu aliyechota hata kijiko!

Upungufu ule mjomba aliuziba kwa pesa ya sabuni. Zamu ya sabuni ilipofika, akaiziba kwa pesa ya mchele. Ndiyo maana rafu zilikuwa zinaachana kama meno ya mtoto. Mimi nimechoka kuona vijana wanarudishwa kwao kwa aibu ya wizi ambao haukufanyika. Kabla hujamwita mtoto wa mwenzako mwizi, kaa chini upige hesabu ya bei mpya. Yule mjomba tulikaa naye mpaka usiku, na kijana akabaki.

Sasa najua kuna mzee hapa anasema moyoni, "Huo ni ulanguzi." Naelewa neno hilo linatoka wapi. Waliokuwepo 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, waliona watu wakitupa sabuni na sukari usiku kwa kuogopa msako. Lakini tusichanganye. Mlanguzi anaficha bidhaa ili iadimike. Wewe bidhaa yako iko mezani, kila mtu anaiona, na unauza kwa bei itakayokuwezesha kuileta tena. Na pale penye bei elekezi, kikomo ni kikomo. Ikiwa bei ya jumla imekipita, usiuze kwa kificho kwa wateja unaowajua. Acha kuleta sukari kwa muda, hiyo pesa izungushe kwenye kinachotoka. Inauma, maana anayefuata sukari ndiye anayeondoka na majani ya chai na mkate. Lakini ni afadhali kukosa sukari mwezi mmoja kuliko kukosa duka.

Mwingine atasema, "Nikipandisha, mteja atahamia kwa jirani." Jirani naye anafunga mzigo kwenye jumla hiyohiyo! Atauza kwa bei ya zamani wiki mbili, kisha rafu zake zitakuwa tupu. Ninachowaomba ni kumwambia mteja mapema: mama, mzigo ujao unakuja na bei mpya. Mteja aliyeambiwa hakasiriki kama aliyeshtukizwa.

Na wateja wetu wengi hawanunui kilo, wananunua ya mia tano. Kilo ikiwa 2,800, sukari ya mia tano ni karibu gramu 180. Kilo ikifika 4,000, ni gramu 125, nusu robo tu. Mama wa watoto wanne anaiona tofauti hiyo kwenye kikombe cha chai. Hapo ndipo wengine wetu huanza kuchezea mizani, na hili nalisema kwa uchungu: unamwibia mtu aliyekuja na mia tano ya mwisho. Mpimie haki, mwambie kilo imekuwa shilingi ngapi. Wakala wa Vipimo wakija wakute mizani yako safi.

Madeni nilitaka niyaongelee kwa kirefu, lakini naona muda umekwisha. Kwa kifupi: ukimkopesha mtu wakati bei inapanda, andika bidhaa na kipimo chake pamoja na pesa, ili mkubaliane mapema atakachokirudisha. Na mikopo ya kausha damu msiikimbilie kuziba pengo la mzigo. Riba yake hakuna faida ya rejareja inayoweza kuilipa. Habari ya kodi na makadirio ni siku nyingine.

Waliokuja na madaftari, sogeeni huku mbele. Tuanze na mafuta ya kula, mtu anitajie alinunua dumu la lita 20 kwa bei gani, na jana jumla walikuwa wanauza ngapi.