Kupanga Safari ya Beijing: Anza na Pasipoti

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga matembezi ya Beijing, na hata kabla sijakaa nimeshaulizwa nauli ya ndege mara tatu. Nauli tutaifikia. Ndege utapata tu, upitie Addis Ababa au upitie Ghuba. Kinachowaumiza watu ni Jumatatu.

Gugong, lile kasri la wafalme lililo katikati ya jiji, hufungwa Jumatatu. Siku nyingine usitegemee kununua tiketi mlangoni. Zinafunguliwa mtandaoni siku saba kabla, saa mbili usiku ya kwao. Wao wametutangulia saa tano, kwa hiyo hapa Mombasa ni saa tisa alasiri, watu wengine bado wamelala baada ya chakula. Msimu wa watalii zinakwisha huku unatafuta miwani. Bei si ghali, yuani (pesa ya China) 60 kuanzia Aprili hadi Oktoba, 40 miezi ya baridi.

Na tiketi yenyewe si karatasi, ni nambari ya pasipoti yako. Kundi langu la kwanza nilijaza mwenyewe, watu kumi na wawili. Kwa mzee mmoja wa Malindi nikaandika herufi O pahali pa sifuri. Mzee huyo alikuja kwa sababu ya twiga. Mnajua kwamba mwaka 1415 twiga alitolewa Malindi akafikishwa kwa mfalme wa China, wakati kasri hilo bado linajengwa, lilikamilika 1420. Basi tumefika lango la Wumen, la kusini, askari akaiweka pasipoti juu ya mashine. Kimya. Akaifuta kwa kiganja, akaiweka tena. Kimya. Mzee akanitazama, hakusema neno, akaenda kuketi pembeni kwenye ukingo wa jiwe. Mimi nina watu kumi na mmoja wa kuongoza, na kule unaingilia kusini unatokea kaskazini, mwendo wa karibu kilomita moja, hurudi ulikopitia. Nilipomaliza nikalizunguka kasri lote kwa miguu kumfuata. Nilimkuta palepale, kofia magotini.

Tangu siku hiyo sijazi nambari peke yangu. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika.

Kwa hiyo kwenye kalenda weka kwanza siku ya Gugong, mengine yaizunguke. Uwanja wa Tiananmen nao unahitaji kujiandikisha mapema, ingawa ni uwanja wazi. Ukuta Mkuu upe siku nzima, na mimi hupendelea Mutianyu, yapata kilomita 70 kutoka mjini, kuliko Badaling ambako watu hupandana mabega. Ila tarehe 1 hadi 7 Oktoba msiende kokote. China nzima iko likizoni, nayo pia imekuja kuutazama Ukuta.

Pesa ni simu. Sisi wa M-Pesa hatutashangaa kuona muuza viazi vitamu vya kuchoma analipwa kwa simu. Programu ni Alipay au WeChat, unaunganisha kadi yako ya benki, na fanyeni hivyo mkiwa hapa hapa, kwa sababu benki hutuma nambari ya siri kwenye laini ya nyumbani. WhatsApp na Google zimefungwa kule. Laini ya nyumbani iliyowezeshwa kutumika nje kwa kawaida huzipitisha, ya kununua kule hapana. Anwani ya hoteli iandikwe kwa Kichina, dereva wa teksi hasomi herufi zetu. Muuzaji akikunyooshea kidole gumba na kidole cha mwisho, hakuiti kwenye simu. Anakwambia sita.

Wazazi wenye watoto wanaosoma kule, sikilizeni. Ukilala hoteli, hoteli inakuandikisha polisi. Ukilala kwa mwanao, mtajiandikisha wenyewe polisi ndani ya saa 24. Wengi hawaambiwi.

Chakula cha halali kipo kingi. Tafuteni vibao vyenye maandishi ya kijani. Mtaa wa Niujie ndio wa Waislamu. Msikiti wake ulianzishwa mwaka 996, na ukiutazama kwa nje utadhani ni hekalu, mapaa yamepinda pembeni, vigae juu ya vigae. Ndani nguzo nyekundu, na juu yake aya kwa dhahabu. Huko ndiko nilikompeleka yule mzee kesho yake, nikitafuta radhi. Akaswali, akakaa muda mrefu, akatoka anavaa viatu polepole.

"Hapa hawakuniuliza sifuri," akasema.

Haya, nauli. Nani alikuwa ameinua mkono kule nyuma?