Samaki Simba Nyumbani: Nani Anaweza Kukaa Naye Tangi Moja?

Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya wafugaji wa samaki wa mapambo, wafanyakazi wa mahoteli na wazazi.

Mabibi na mabwana, wazee wetu na vijana wetu, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie ufugaji wa samaki simba katika tangi la kioo la nyumbani pamoja na samaki wa aina nyingine, na swali la kwanza nalijua kabla halijaulizwa, kwa sababu ndilo linaloulizwa kila mahali: je, miiba yake haitawaua wenzake? Jibu ni kwamba ni nadra sana. Miiba yenye sumu ni 18 kwa jumla, 13 mgongoni, 3 nyuma ya tumbo na mmoja katika kila pezi la tumboni, nayo yote ni ya kujikinga. Yale mapezi marefu ya kifuani yanayopepea, ambayo watu huyaogopa kuliko yote, hayana sumu. Samaki simba harushi mwiba wala hamfuati mwenziwe kumchoma. Kinachowamaliza wenzake ni mdomo, na wengi wa wanaopoteza samaki wao huwa wameshughulika na sumu wakasahau kuupima mdomo.

Samaki simba tunayemwona zaidi katika pwani hii wataalamu humwita Pterois miles. Ni mwenyeji wa upande huu wa Bahari ya Hindi, tangu Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini, naye hufikia kiasi cha sentimita 35. Wapo jamaa zake wadogo kuliko yeye: Pterois radiata, mwenye mistari miwili myeupe ya mlalo penye shina la mkia, Pterois antennata, mwenye vijipembe virefu juu ya macho, na Pterois mombasae, aliyebeba jina la Mombasa tangu mwaka 1957 alipoelezwa na J.L.B. Smith wa Afrika Kusini, yule yule aliyemtambulisha silakanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa ametoweka, kwa ulimwengu mwaka 1939. Kuna pia kundi la Dendrochirus, wafupi na wanene kidogo, ambao wengi wao hawazidi sana sentimita 17 au 20. Ukiniuliza mimi, nyumba nyingi za Malindi zingefaa kuanza na hawa wadogo na kumwachia miles bahari yake, lakini najua kwamba uzuri una nguvu kuliko ushauri, kwa hiyo nitazungumza kana kwamba mmeshamchagua yule mkubwa.

Mtazameni anapowinda jua linapotua. Hakimbizi mtu. Hushuka polepole, kichwa kimeinama kidogo, ametandaza mapezi ya kifuani kama wavuvi wanavyolizungusha juya, na yule mdogo aliye mbele yake hujikuta anasogezwa hadi pembe ya mwamba pasipo na njia ya kutokea. Wakati mwingine humpulizia maji usoni, na kwa kuwa samaki ana tabia ya kujigeuza kuukabili mkondo, mdogo yule hukielekeza kichwa chake mwenyewe kwenye mdomo unaomngoja. Kisha mdomo unafunguka ghafla, maji yanavutwa ndani, na pale palipokuwa na samaki hapana kitu. Humezwa mzima mzima. Tumbo lake laweza kutanuka hadi mara 30 ya ujazo wake wa kawaida, naye humudu kumeza samaki mwenye urefu unaokaribia nusu ya urefu wake mwenyewe.

Hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Mtu hununua samaki simba wa sentimita 10, humtia pamoja na samaki wa sentimita 7, huona miezi michache inapita kwa amani, kisha asubuhi moja anamkosa mmoja na kulaumu maji, au pampu, au paka. Samaki simba mdogo hukua haraka akilishwa vizuri. Mwenzake asipimwe kwa ukubwa wa simba wa leo, bali kwa ukubwa atakaoufikia, na asipimwe kwa urefu peke yake: samaki mwembamba wa sentimita 15 anamezeka kwa urahisi kuliko samaki mpana wa sentimita 12. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Bahama, ambako samaki huyu ni mgeni aliyeingia kutokana na mikono ya watu. Katika vipande vya miamba vilivyowekwa samaki simba mmoja mmoja, idadi ya samaki wachanga waliofika na kudumu hapo ilipungua kwa wastani wa asilimia 79 ndani ya wiki 5, ikilinganishwa na miamba isiyokuwa naye. Hiyo ilikuwa bahari wazi, mwindwa ana pa kukimbilia. Tangi lina pembe nne, na simba anazijua zote.

Basi wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa wanaojificha ndani ya anemoni, yule mnyama wa baharini mfano wa ua, na vile vidogo vya buluu vinavyopendwa na watoto, na kamba wasafishaji wenye sharubu nyeupe, wote hao wahesabuni kuwa chakula. Wapo wanaosema kwamba wasafishaji huheshimiwa. Wengine huheshimiwa kwa muda, lakini sijaona sababu ya kuweka pesa juu ya heshima ya samaki mwenye njaa. Matumbawe yenyewe hayali, ingawa uchafu wake mwingi huyasumbua.

Upande wa pili wa jambo huzungumzwa kidogo, nao ni kwamba simba naye huonewa. Anaogelea polepole, ana mapezi marefu yanayoning'inia, na hana haraka ya kuondoka mahali. Kikande atayang'ata mapezi hayo mpaka yabaki vijiti, na bunju vilevile, kwa kuwa meno yao yameumbwa kwa kuvunja makombe na hawawezi kuona kitu kinachopepea wakakiacha. Vitatange wakubwa hutofautiana mmoja na mwenziwe: mmoja atapita bila kugusa, mwingine atadonoa kila siku. Chewa anapokuwa mkubwa hugeuza mambo, kwa maana mdomo wa chewa hauna hofu ya miiba kama tunavyodhani. Samaki sanduku nao wana shida ya namna nyingine, kwani wakifadhaika hutoa sumu ndani ya maji, na katika tangi la nyumbani sumu hiyo yaweza kuwaua wote, mwenyewe akiwemo.

Wanaofaa ni wale wapana, watulivu, wasio na tabia ya kudonoa. Kangaja wa ukubwa wa kutosha ni mwenza mzuri, kwa sababu anashughulika na mwani na mwili wake ni mpana. Naye ana kisu chake penye mkia, kwa hiyo wanaachana kwa adabu. Wale samaki wekundu wenye macho makubwa wanaojificha mapangoni mchana hukaa naye vizuri wakishafikia kiasi cha kutomezeka. Mkunga wa wastani pia hukaa naye, ila tangi liwe na kifuniko kizito, maana mkunga hutoroka, na wakati wa kulisha kila mmoja apewe upande wake, kwa kuwa mkunga haoni vizuri na huuma kwa kufuata harufu. Samaki simba wawili huweza kukaa pamoja wakiwa wa kimo kimoja na nafasi ikiwa kubwa. Wakipishana sana, mkubwa hatajali ujamaa. Madume ya Dendrochirus ya aina moja hugombana, hivyo dume liwe moja.

Mezani napo pana ugomvi wa kimya kimya. Kangaja na wenzake wana mbio, simba hana, na chakula kikimwagwa tu juu ya maji yeye atabaki akitazama. Mlisheni kwa kijiti kirefu cha plastiki, kipande cha kamba au ngisi kikiwa kwenye ncha, mkikitikisa mbele ya uso wake kidogo kidogo. Samaki aliyetoka baharini juzi hatambui kwamba kitu kisichojongea ni chakula, na huenda akakataa siku kadhaa. Msitishike, kwa maana anaweza kukaa na njaa muda mrefu kuliko subira ya mfugaji, na mara akishakubali kijiti atakuja mwenyewe kila akiona mtu amesimama karibu na kioo. Mkubwa hulishwa mara 2 au 3 kwa wiki. Kumlisha kila anapoomba ni kumuua kwa mapenzi, kwa sababu ini lake hujaa mafuta. Samaki wa maji baridi wasiwe chakula chake cha kila siku, na mlo wa aina moja tu uepukwe: baadhi ya samaki, wakiwemo dagaa wa aina fulani, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na simba anayelishwa hao peke yao hudhoofika ijapokuwa tumbo limejaa.

Mara kwa mara mtamwona akipiga miayo, akijitikisa, kisha utando mwembamba kama ukungu ukibanduka mwilini mwake na kuelea vipande vipande. Huko ni kujivua ngozi ya juu, si ugonjwa, na si wakati wa kumimina dawa. Akifanya hivyo mno, chunguzeni maji.

Na maji ya Malindi yana mambo yake. Kwa miles tangi lisipungue lita 450, na kwa wale wadogo lita 200, nalo liachwe maji yake yakizunguka bila samaki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, mpaka bakteria wa kusaga uchafu wajijenge na kipimo cha amonia na cha nitriti, sumu zitokanazo na uchafu huo, vyote visome sifuri. Samaki huyu anakula sana na kutoa uchafu mwingi, hivyo kichujio kiwe kikubwa kuliko kile mlichoambiwa dukani. Anayechota maji baharini aangalie majira. Mto Sabaki humwaga tope jingi baada ya mvua, na pepo za kaskazi zinapovuma mkondo hulileta tope hilo kusini hadi ufuoni mwa mji, bahari ikawa rangi ya chai. Siku hizo msichote. Subirini maji yasafike, au chukueni upande wa kusini zaidi maji yakiwa yamejaa, mbali na mifereji.

Katika vitabu vya nchi za baridi mtasoma habari za kupasha maji joto. Kwetu tatizo ni kinyume chake, kwa kuwa samaki huyu anastawi kati ya nyuzi 24 na 27, na mwezi wa Machi chumba kilichofungwa hupita hapo bila taabu, huku maji ya moto yakibeba hewa kidogo. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji husaidia sana. Maji yanayopotea kwa mvuke yarudishwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa maana chumvi haikupanda na mvuke, na yasiwe ya kisima cha chumvichumvi wala ya bomba yenye klorini ambayo haijaondolewa. Umeme ukikatika, kinachookoa tangi ni pampu ya hewa ya betri ya bei nafuu, nayo inunuliwe kabla ya samaki.

Kuhusu kuchomwa nitasema machache. Huchomwa mfugaji anayetia mkono ndani ya tangi bila kujua simba yuko wapi, mara nyingi akisugua kioo. Anza kwa kumtafuta kwa macho, mtenge kwa kipande cha plastiki kigumu, kisha fanya kazi. Akichoma, maumivu ni makali mno, na wachache hufadhaika kwa kizunguzungu au kukosa pumzi. Toa vipande vya mwiba vinavyoonekana, osha, kisha zamisha mahali hapo katika maji ya moto yanayovumilika, kiasi cha nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiyajaribu kwanza kwa mkono usioumia ili usijiunguze. Sumu hiyo ni protini, na joto huivunja. Barafu haisaidii, kuchanja hakusaidii, wala mkojo. Baada ya hapo nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa, na ukiona pumzi inabana usingoje maji yachemke.

Limebaki suala la kumpata na kumwacha. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, na ndani yake hatolewi samaki yeyote, awe wa kitoweo au wa mapambo. Nje ya hifadhi, kukusanya samaki wa mapambo kwa biashara ni kazi ya leseni, hivyo mwulizeni mwuzaji karatasi zake bila haya. Na samaki aliyezidi tangi asirudishwe baharini, hata kama babu yake alikuwa wa papa hapa, kwa sababu ameishi na samaki kutoka kwingine na huenda amebeba maradhi yao. Wamarekani walianza kumwona huyu wa kigeni kwao huko Florida mwaka 1985, na leo ameenea Karibi nzima hadi Brazili; matangi ya watu ndiyo yanayodhaniwa kuwa chanzo. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, kwa hiyo kabla ya kumnunua tafuteni mwenye tangi kubwa ambaye yuko tayari kumpokea. Asipopatikana, na tangi likiwa halijawahi kutiwa dawa, miiba hukatwa kwa mkasi na kufukiwa shimoni, na nyama yake nyeupe huliwa kama ya changu.

Sasa nayakaribisha maswali.