Tuulize saa, si megawati peke yake

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja na joto hili la kaskazi. Swali mlilonitumia ni moja: ikiwa nchi ina umeme mwingi kama tunavyoambiwa, mbona huku Pwani taa hupotea na tokeni hazishuki bei?

Tuanze na saa. Kenya hutumia umeme mwingi kabisa baina ya saa moja na saa tatu usiku. Watu wamerudi majumbani, pasi zinapigwa, runinga zinawaka, na kwetu huku feni na viyoyozi vya mahoteli vinafanya kazi kutoka Nyali hadi Diani. Mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Ikifika saa tisa usiku matumizi yameshuka karibu nusu, na huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa jotoardhi huachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Tunachopungukiwa ni umeme wa saa fulani, mahali fulani. Makosa yetu mengi ya mipango yametokana na kulisahau hilo.

Sasa mahali. Jotoardhi iko Olkaria. Maji yako Mto Tana, kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Upepo uko Loiyangalani. Sisi tuko mwisho wa waya. Ndiyo maana Mombasa imeishi kwa mitambo ya Kipevu, na baadaye Rabai, inayochoma mafuta mazito. Siibezi: ukame ulipokausha Tana, mwaka 2000 umeme ukawa wa mgao, mafuta yalitusitiri. Lakini ni ghali. Katika kila uniti ya tokeni unayonunua mna gharama ya mafuta yaliyochomwa, nayo hupanda bei ya mafuta ikipanda duniani.

Mwaka 2017 ilikamilika laini kubwa ya Nairobi na Mombasa, karibu kilomita 480, iliyojengwa iweze kubeba kilovolti 400 ingawa ilianza kwa 220. Kwangu mimi ni katika mambo bora Pwani iliyofanyiwa kwenye umeme, na hatuizungumzii hata kidogo. Tazameni upande wa pili: mwaka huohuo mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilikuwa imesimama kule Loiyangalani bila laini ya kuufikisha umeme kwenye kituo cha Suswa. Mkandarasi wa laini alifilisika. Waya ulifika 2018, na kwa ucheleweshaji ule fedha za umma zililipwa. Mtambo ulipangwa vizuri, waya ukaachwa nyuma.

Na Lamu mwajua. Ulipangwa mtambo wa makaa ya mawe, megawati 1,050, wakati nchi nzima kilele chake kilikuwa hakijafika 2,000. Mikataba ya aina ile humlipa mwenye mtambo kwa kuwa tayari, uwake usiwake. Wenyeji walikwenda mbele ya baraza la mazingira, na 2019 kibali kikafutwa. Walitetea bahari yao, na kwa kufanya hivyo wakatuepusha sote na bili nzito.

Hata waya mkubwa ukifika, kuna mtaa. Nenda kwa muuza samaki saa mbili usiku, uweke mkono juu ya friza. Kompresa inajaribu kuanza, inanguruma, inakata, inajaribu tena. Umeme upo, ila volti zimeshuka. Mota haipati nguvu ya kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, mwisho inaungua. Mwenye duka humlaumu fundi. Friza haikuwa na kasoro. Transfoma ya mtaa ndiyo iliyobebeshwa nyumba nyingi kuliko uwezo wake. Megawati mpya za Olkaria hazimponyi huyu.

Kuhusu sola, husemwa kwamba jua haliwashi taa usiku. Ni kweli, bila betri. Lakini mtambo wa Malindi, megawati 40, unapofanya kazi mchana, mabwawa ya Tana hayalazimiki kufungua maji mengi, na maji yale hutumika usiku. Paa la hoteli au la shule likifanya vivyo hivyo, faida ni ileile.

Wenye viwanda vya barafu na maghala ya baridi, nanyi mna lenu. Tangu Desemba 2017 iko bei ya nusu kwa wateja wakubwa wanaoongeza matumizi usiku, kuanzia saa nne. Gandisheni barafu saa nane usiku, kwa ule mvuke unaopotea, muiuze alfajiri wavuvi wakitoka.

Mwisho, Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Mkiitwa kuujadili, msiridhike na jumla ya megawati. Ulizeni transfoma zipi za Likoni na Kisauni zitabadilishwa na lini, betri zitakaa wapi, na saa mbili usiku Kipevu itawashwa kwa kiasi gani. Haya, maswali. Tuanze na mama yule wa nyuma aliyeinua mkono.