Deraya sio punguzo la damu

Jamani karibuni, naona hadi wa Mwandiga wamefika, sogeeni mbele huku viti vipo. D&D sitaielezea sana, ni ule mchezo wa mezani wa mashujaa na dadu, mnaicheza, na wengine mnaandika modi wenyewe, yale mabadiliko ya kupachika kwenye gemu za kompyuta. Mimi leo ni deraya tu, yaani vazi la vita la kujikinga, maana modi nyingi zinazojitangaza kuwa zinafuata sheria za mezani hapo ndo zinapoharibu.

Mezani unarusha dadu la pande 20, unajumlisha uwezo wa anayepiga, ukifikia AC ya mwenzako, yaani namba yake ya ulinzi, umempata, usipofikia umemkosa, basi. Deraya ya mabamba ya chuma kwenye toleo la tano, lile la 2014, ni AC 18, na pigo likishaingia haipunguzi damu, yaani pointi za uhai zinazotoka, hata tone. Ni kama kipa pale Lake Tanganyika Stadium, kadaka au limeingia, na likiingia ni goli zima, refa hahesabu robo tatu ya goli eti kwa sababu kipa aliugusa.

Sasa mtu anachukua gemu ya kompyuta ya Skyrim, ambayo yenyewe inahesabu deraya kwa asilimia na inaishia kukata 80, anabandika 18 mahali fulani halafu anaandika hii ni D&D. Sio!

Twende na hesabu, na nitairudia kila nikipewa kipaza sauti mpaka ieleweke. Magoblini 12 wamemzunguka shujaa wa AC 18. Kila mmoja anajumlisha 4, kwa hiyo anahitaji dadu lisome 14 kwenda juu, yaani nafasi 7 kati ya 20. Wanne hivi watampata, kila pigo ni dadu la pande 6 jumlisha 2, wastani 5 na nusu, hapo raundi moja imeondoka na damu 22 au 23. Shujaa anaogopa kundi, na anatakiwa aogope! Sasa weka deraya inayokata 6 kwenye kila pigo: hata wakimpata wote 12 kwa mapigo ya kawaida, jumla ni damu 6 hivi, jamaa anasimama katikati yao anatafuna karanga. Lakini jitu la vilimani lenye wastani wa 18 bado linamtoa 12 kila likimpata. Umeona? Umebadilisha nani wa kuogopwa, halafu unashangaa mbona kila pambano ulilopanga limekufa.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kusema uhalisia, chuma kinapunguza maumivu. Sawa, na ipo michezo ya mezani inayofanya hivyo, RuneQuest tangu 1978 deraya inakata pointi za pigo. Lakini kule damu yako haipandi kwa leveli kama D&D, mchezo mzima umejengwa kuzunguka hiyo hesabu, huwezi ukang'oa kipande kimoja ukakipachika kwingine ukategemea kitafanya kazi ile ile.

Mwingine atasema wachezaji wanachukia kukosakosa. Hilo ni kweli kabisa, Morrowind ya 2002 upanga unaonekana unapita kwenye mwili halafu gemu inakwambia umekosa, inauma. Dawa yake sio kufuta sheria, ni kuonyesha! Pigo likishindwa weka sauti ya chuma, weka cheche, upanga uteleze kwenye bega, na namba ya dadu ionekane pembeni ili mtu ajue deraya ndo imemwokoa, hiyo ni kazi ya wikendi tu na modi yako inakuwa ya heshima.

Mengine haraka haraka, muda hauko upande wetu. Wepesi wa shujaa unaongezwa kwenye AC ila una kikomo, mabamba kamili hayaongezewi wepesi hata kidogo, nusu mabamba mwisho 2, wengi mnasahau na mwizi mwepesi anavaa chuma anakuwa hagusiki. Ngao inaongeza 2, sio 5. Na wanaofanyia kazi gemu ya Baldur's Gate ya 1998, kule AC nzuri ni ile inayoshuka, angalieni alama ya kutoa kabla hamjaisambaza kwa watu.

La wachawi na deraya siliwahi. Maswali, anza wewe mdogo wangu wa jezi ya njano, ila kama ni lile la uhalisia nimeshalijibu.